Mtambue Kwanza, Umnunue Baadaye: Hotuba Kuhusu Chotara wa Malaika Wadogo

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa wafugaji wa samaki wa maji chumvi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuwapo. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa, na pale zilipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu katika ufugaji huu, wafugaji wenzangu, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie samaki ambaye wengi wetu tunamtamani na wachache tumewahi kumwona akiwa hai: chotara, yaani mtoto wa wazazi wa spishi mbili tofauti, wa malaika wadogo. Hao ni samaki wa jenasi ya Centropyge, ambao hata wakikomaa hawazidi sentimita 15 hivi. Najua wapo waliokuja na swali moja tu, nalo ni kwamba samaki huyo anapatikana wapi. Nitalijibu, ila nitalijibu nikifika mbele, kwa sababu asiyekijua anachokitafuta, hata ukimpeleka hadi mlangoni kwa muuzaji, atatoka na kingine. Ninalotaka mlishike tangu sasa ni hili: neno «chotara» linaloandikwa kwenye mfuko wa samaki ni dai la muuzaji, na dai hilo halina uzito mpaka lisimamiwe na mashahidi wawili kwa pamoja, yaani mwili wa samaki mwenyewe na mahali alipotoka. Shahidi mmoja hatoshi. Narudia, ndugu zangu: shahidi mmoja hatoshi.

Tuanze na mahali. Je, chotara hutokeaje baharini, ambako hakuna mtu wa kuwafungia samaki wawili katika tangi moja? Malaika wadogo wengi huishi katika makundi ya dume mmoja na majike kadhaa, na dume hulilinda eneo lake la mwamba. Wote huanza utu uzima wakiwa majike. Dume akiliwa au akitoweka, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hubadilika akawa dume. Jua linapokaribia kuzama, dume na jike hupanda pamoja kutoka mwambani, hutoa mbegu na mayai kwa mpigo mmoja, kisha hurudi chini kwa kasi huku mayai yakichukuliwa na mkondo. Sasa nawauliza: jike ambaye spishi yake ina samaki wawili watatu tu katika mwamba mzima afanye nini saa hiyo ya magharibi? Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba hujiunga na kundi la jirani wa spishi nyingine, mwenye umbo na mienendo kama yake, na watoto wanaopatikana hapo ndio tunaowaita chotara.

Hawaii inatupa mfano ulio wazi. Huko yuko Centropyge potteri, ambaye duniani kote anaishi Hawaii na kisiwa cha Johnston pekee, na katika miamba ya Hawaii ni wa kawaida sana. Yuko pia Centropyge loricula, yule mwekundu wa kung'aa mwenye mistari myeusi ya wima, ambaye ni wengi katika visiwa vingine vya Pasifiki lakini Hawaii ni adimu. Chotara wa hawa wawili wamerekodiwa, nao wamerekodiwa hapo hapo ambapo mmoja wa wazazi amekosa wenzake. Basi mtu akikuonesha samaki anayemwita chotara wa loricula na potteri, kisha akakuambia amevuliwa katika bahari ambamo potteri hajawahi kuishi, mazungumzo yamekwisha. Hakuna haja hata ya kutazama rangi.

Kisa kilicho kikubwa kuliko hicho ni cha visiwa vya Bahari ya Hindi vinavyotawaliwa na Australia: Christmas, kilichoko kilomita 350 hivi kusini mwa Java, na Cocos, vilivyoko mbali zaidi upande wa magharibi. Katika enzi za barafu, maji mengi ya dunia yaliganda juu ya nchi kavu na usawa wa bahari ukashuka. Katika enzi ya mwisho, miaka 20,000 hivi iliyopita, ulishuka kwa takriban mita 120. Sehemu kubwa ya bahari ya kina kifupi iliyopo leo kati ya bara la Asia na visiwa vya Indonesia ikawa ardhi kavu, na njia za maji kati ya Bahari ya Hindi na Pasifiki zikabanwa. Samaki waliokuwa jamii moja wakatengana, na kila upande ukaendelea kivyake. Barafu ilipoyeyuka na bahari ikapanda, jamaa waliopoteana wakakutana tena, wakiwa na rangi tofauti lakini wakiwa bado na uwezo wa kuzaliana. Christmas na Cocos ziko penye mpaka huo. Ndipo Centropyge eibli wa Bahari ya Hindi anapokutana na Centropyge vrolikii wa Pasifiki, na flavissima naye yupo. Na ndipo walipoonekana chotara wao, pamoja na chotara wa samaki wa jamii nyingine, yaani wa vitatange na wa kangaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulitaja chotara wa aina 11 katika visiwa hivyo, na katika wengi wao angalau mzazi mmoja alikuwa adimu mahali pale.

Mnaona basi kwa nini ninasisitiza mahali? Uchotara una ramani yake. Muuzaji asiyejua samaki wake ametoka katika mwamba gani, au anayejua nchi ya kiwanja cha ndege tu, amekunyima nusu ya ushahidi hata kama ni mtu mwema kabisa.

Lipo kundi moja ambalo halitafutwi kwenye ramani, nalo ni la wanaozalishwa na binadamu. Frank Baensch, mzalishaji wa Hawaii, ni miongoni mwa watu wa kwanza kufanikiwa kulea malaika wadogo tangu yai hadi samaki kamili. Kikwazo kilikuwa chakula: mtoto anayetoka yaini ana mdomo mdogo mno, na alihitaji vichanga vya kopepodi, yaani vijidudu vidogo vya majini, ambavyo jicho la mtu haliwezi kuvitofautisha na vumbi. Katika kazi hiyo walipatikana chotara wa Centropyge fisheri wa Hawaii na Centropyge resplendens wa kisiwa cha Ascension. Fikirini umbali huo: mmoja yuko Pasifiki, mwingine yuko katikati ya Atlantiki, na baharini hawangekutana kamwe. Kwa chotara wa namna hii, kumbukumbu za mzalishaji ndizo zinazoshika nafasi ya mwamba. Nami nakiri kwamba ninawapenda zaidi hawa kuliko wale wa kuvuliwa, kwa sababu wazazi wao wanajulikana bila ubishi na chakula cha tangi wamekizoea tangu utoto.

Sasa tuje kwenye shahidi wa pili, yaani mwili, na hapa naomba subira yenu, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyika, na aghalabu anayetudanganya ni jicho letu wenyewe.

Chotara anayeonekana mara nyingi kuliko wengine ni wa flavissima na vrolikii. Wajueni kwanza wazazi. Flavissima ni wa manjano mwili mzima, ana duara la buluu kuzunguka jicho, na buluu hiyo hiyo hupita ukingoni mwa kifuniko cha shavu na kwenye kingo za mapezi. Vrolikii ni kijivu kilichopauka upande wa mbele, kinachoingia weusi upande wa nyuma hadi mkiani, akiwa na rangi ya chungwa ukingoni mwa shavu na pale pezi la ubavuni linapoanzia. Eibli, ambaye huingia katika uchotara na hao wote wawili, ni kijivu mwenye mistari myembamba ya wima ya rangi ya chungwa, na mistari hiyo hukolea weusi kadiri inavyoukaribia mkia, ambao ni mweusi.

Chotara wa flavissima na vrolikii kwa kawaida huwa na manjano mbele, mara nyingi yenye ukijani, ambayo huzama taratibu katika giza la nyuma, huku buluu ya flavissima ikiwa imebaki kwenye kingo za mapezi. Nasema kwa kawaida, kwa sababu hakuna wawili wanaofanana. Mmoja niliyewahi kumtazama kwa muda mrefu, kwa tochi ya mwanga mweupe, alikuwa na duara la buluu lililokatika chini ya jicho, kana kwamba mchoraji alinyanyua kalamu kabla ya kulifunga. Na ule ukijani wa ubavuni, uliokuwa dhahiri ukisimama mbali, ulitoweka kabisa ukisogea karibu na kioo. Kila gamba lilikuwa na manjano katikati na weusi ukingoni. Ukijani haukuwapo kwenye gamba hata moja. Ulikuwa unatengenezwa na jicho kwa kuchanganya hayo mawili.

Hiyo ndiyo kazi ya kumtambua chotara: kuichukua kila sifa peke yake na kuuliza imetoka kwa mzazi yupi. Duara la jicho limetoka wapi? Weusi wa nyuma umetoka wapi? Ukingo wa pezi je? Mwaka 1994, Richard Pyle na John Randall, wataalamu wa samaki wa Jumba la Makumbusho la Bishop huko Hawaii, walichapisha mapitio ya uchotara katika samaki malaika wa baharini, na kwa yeyote anayetaka kuingia kwa undani, mlango ni huo. Mimi hutumia kanuni nyepesi. Sifa iliyopo kwa mzazi mmoja, au iliyo katikati ya wazazi wawili, inaunga mkono uchotara. Sifa ambayo mzazi yeyote hana, kwa mfano doa jeupe tupu lisilo na asili, inanifanya nitafute maelezo mengine kwanza.

Na maelezo mengine yako mengi. Mtoto wa flavissima, akiwa bado mdogo, ana doa jeusi ubavuni lililozungushiwa buluu, na doa hilo hupotea anapokua; samaki wa aina hiyo amewahi kutangazwa kuwa ajabu ya bahari. Centropyge heraldi ni wa manjano asiye na buluu, na dume wake huwa na michirizi ya giza nyuma ya jicho. Giza hilo si damu ya vrolikii, ni alama ya udume. Tena katika sehemu za Fiji na bahari zinazoizunguka kuna wenye sura ya heraldi ambao nyuma ya pezi la mgongoni wana weusi, na wapo waliowahi kuwaita spishi ya peke yake. Centropyge bispinosa, yule wa zambarau na chungwa, hubadilika sana kutoka samaki mmoja hadi mwingine, wengine wakiwa karibu wekundu watupu na wengine karibu buluu tupu, na wote ni bispinosa halali. Wapo pia samaki wenye kasoro ya rangi tangu kuzaliwa, na wapo waliopauka kwa njaa, kwa hofu, au kwa ugonjwa ule unaomomonyoa ngozi ya kichwa na mstari wa ubavu. Je, tutawaita wote hao chotara? Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika biashara hii, kilichopauka nacho kinajiuza, mradi kimepewa jina zuri.

Katika hayo yote, mtego ninaoupenda kuusimulia ni ule ulioandaliwa na bahari yenyewe. Mfugaji mmoja ninayemfahamu, mtu makini, alioneshwa picha ya samaki mdogo: manjano mbele, giza nyuma, buluu kidogo kwenye mashavu. Alimlinganisha na picha za chotara wa flavissima na vrolikii, akaridhika, akaagiza. Samaki alifika akiwa mzima, akala vizuri, akakua. Akaendelea kukua. Mkia wake uliokuwa wa mviringo ukaanza kuchongoka ncha za juu na chini, manjano yakafifia kuwa kahawia, na hatimaye palionekana, kila upande wa shina la mkia, ule mwiba mkali kama wembe ambao malaika hana. Alikuwa kangaja. Alikuwa Acanthurus pyroferus, ambaye akiwa mtoto huiga rangi za malaika wadogo wa mahali anapoishi: penye flavissima huvaa manjano, penye vrolikii huvaa kijivu na weusi. Inadhaniwa kwamba malaika hawa, kwa miiba yao na wepesi wa kujificha mwambani, si windo linalolipa, na mtoto wa kangaja hujinufaisha kwa sura hiyo. Akikomaa huyaacha yote, naye hupita sentimita 20 kwa urefu, yaani tangi lililomtosha malaika halimtoshi tena.

Angewezaje kumjua mapema? Kwa kutazama shavu. Malaika wote, wakubwa kwa wadogo, wana mwiba unaotokeza nyuma kutoka pembe ya chini ya shavu, na mwiba huo huwatofautisha na kangaja na hata na vitatange. Kangaja hana mwiba shavuni. Wake uko kwenye shina la mkia. Kabla hujauliza kama samaki ni chotara, uliza kama ni malaika. Tazama shavu, kisha tazama mkia, kisha ndipo utazame rangi. Rangi ije mwisho.

Kuna wanaosema: kwa nini tujisumbue na macho ilhali vinasaba vipo? Hoja ni nzuri, lakini jibu lake lina mkunjo. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa vinasaba juu ya flavissima, vrolikii na eibli, na matokeo yake yaliwashangaza wengi: nasaba za mitokondria (sehemu ya seli yenye vinasaba vyake yenyewe) za samaki hao hazikufuata rangi, zilifuata jiografia. Yaani samaki wa manjano na samaki wa kijivu wa eneo moja waliweza kuwa karibu kinasaba kuliko samaki wawili wa manjano wa bahari mbili tofauti. Kumbukeni pia kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama tu, hivyo kipimo hicho peke yake hakiwezi kukuonesha baba. Tena chotara wakizaana na wazazi, hupatikana samaki wa kila daraja kati ya huyu na yule, na hapo hata wataalamu hugawanyika. Wafugaji wenzangu, tukubali kwamba kwa spishi hizi tatu mipaka yenyewe ni laini, na mtu anayekuuzia «chotara wa asilimia kamili» anakuuzia uhakika ambao sayansi yenyewe haijaudai.

Sasa nafika kwenye swali mlilokuja nalo. Anapatikana wapi?

Anapatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni mzalishaji, ambayo nimeshaisema. Ya pili ni muuzaji maalumu anayeshughulika na samaki adimu, anayemjua mzamiaji wake na anayeuza samaki mmoja mmoja kwa picha yake mwenyewe. Ya tatu, ambayo watu huidharau, ni shehena ya kawaida: samaki walioagizwa kama flavissima au vrolikii, ambamo chotara mmoja amepita bila mtu kumwona, kwa sababu mzamiaji alikuwa na haraka na muuzaji wa jumla hakuwa na muda. Njia hii haina ahadi yoyote, lakini ni ya haki kwa mwenye jicho lililofunzwa, na ndiyo inayolipa zile saa za kuwasoma wazazi.

Kwa njia ya pili, kuna mambo ya kudai kabla ya kutoa fedha, na naomba msione haya kuyadai. Dai video, usiridhike na picha. Dai ichukuliwe chini ya mwanga mweupe, kwa sababu taa za buluu za akwaria hulibadilisha manjano na kulikoleza giza kiasi kwamba samaki wa kawaida kabisa anaweza kuonekana wa ajabu. Dai pande zote mbili za mwili, kwa maana kovu la kuumwa huwa upande mmoja, ilhali urithi huonekana pande zote, hata kama si kwa ulinganifu kamili. Dai kumwona akila. Uliza amevuliwa wapi, amekaa kwa muuzaji muda gani, na amepewa dawa gani.

Namkumbuka mama mmoja katika ufugaji wetu, ambaye sitamtaja kwa sababu hapendi, aliyekuwa akimfuatilia chotara wa eibli na vrolikii kwa muuzaji wa mbali. Picha ilikuwa safi: kijivu mbele, mistari hafifu ya chungwa iliyofika nusu ya mwili ikamezwa na weusi. Mahali palisemwa, napo palikuwa mahali ambapo wazazi wote wawili wanaishi. Mashahidi wote wawili walikuwapo. Aliomba video ya samaki akila, akaletewa video ya samaki akiogelea. Akaomba tena, kwa upole. Akaletewa ile ile. Akamwambia muuzaji kwamba atasubiri mpaka samaki aanze kula, na kama mwingine atatokea amchukue, basi amchukue. Wenzake wakamcheka, wakisema chotara kama huyo hapiti mara mbili. Muuzaji alikuja kumwandikia baadaye, kwa uungwana, kwamba samaki amekufa bila kugusa chakula. Mnauliza alipata hasara gani? Hakupata yoyote, na kama angekuwa na pupa angempokea samaki yule yule ili afie kwake.

Samaki kama huyo hufa kwa nini? Sababu zaweza kuwa nyingi. Aliyevuliwa kina kirefu akapandishwa haraka huumia kibofu cha hewa. Aliyevuliwa kwa sianidi, sumu ambayo wavuvi wabaya huipuliza kwenye mianya ya mwamba ili samaki alegee, anaweza kuonekana mzima na kufa wiki kadhaa baadaye, na kwa macho huwezi kumtofautisha. Uvuvi huo umepigwa marufuku Ufilipino na Indonesia, na bado haujaisha. Nao huua matumbawe yale yale yanayomlea samaki tunayemtafuta. Kwa hiyo uliza kama amevuliwa kwa wavu, na muuzaji akikereka kwa swali hilo, umeshajibiwa.

Uliza pia kuhusu vibali. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa akwaria lazima vipitie kwanza sheria ya tathmini ya mazingira, na uvuvi wa kibiashara uliotegemea vibali hivyo ukasimama. Mwaka 2022, Australia ilitangaza hifadhi za bahari kuzunguka Christmas na Cocos, ambako uvuvi una masharti. Anayekuletea chotara wa maeneo hayo awe na maelezo ya lini na kwa ruhusa ipi. Samaki asiye na karatasi hata mahali pake hapaaminiki, maana mtu aliyeficha kibali hashindwi kubadilisha kisiwa.

Baada ya kununua, mengi mnayajua, nami nitayapitia kwa haraka isipokuwa moja. Tangi lisipungue lita 250, liwe limekomaa na lina mwamba wenye mwani wa kutafuna mchana kutwa; joto liwe nyuzi 24 hadi 26, chumvi karibu na ile ya bahari ya wazi, amonia na nitraiti, sumu zinazotokana na taka za samaki, ziwe sifuri. Malaika mdogo mmoja katika tangi anatosha, na aingie mwisho baada ya wengine, kwani ni mbabe wa eneo. Huenda akadonoa matumbawe na kombe kubwa, na uchotara haumpunguzii tabia hiyo. Mpe mwani mkavu, spirulina, na vyakula vyenye sifongo. Akae karantini wiki nne hadi sita, katika tangi lenye mahali pa kujificha. Na dawa ya shaba itumike kwa uangalifu na kwa kipimo, kwa sababu wafugaji wengi wameona malaika wadogo hawaivumilii vizuri.

Lile moja ni la mfuko. Samaki aliyesafiri saa nyingi amepumua ndani ya maji yale yale. Kabonidioksidi imejaa, asidi imepanda, na amonia iliyomo imekaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukiufungua mfuko, kabonidioksidi hutoroka, asidi hushuka, na amonia ile ile hugeuka sumu ndani ya muda mfupi. Halafu wewe, kwa nia njema, unamwachia samaki humo kwa saa mbili ukimdondoshea maji tone kwa tone! Utaratibu ulio salama ni kuuacha mfuko uelee majini ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, tangi la karantini likiwa tayari limewekwa chumvi sawa na ile ambayo muuzaji amekuambia, kisha kumhamisha samaki mara baada ya kufungua, bila kuyamimina yale maji ya safari.

Akishatulia na kuanza kula, mpige picha chini ya mwanga mweupe, pande zote mbili, na urudie kila baada ya miezi michache, ukiandika pembeni mahali alipovuliwa na jina la wazazi wanaodhaniwa. Rangi za chotara hubadilika kadiri anavyokua, na mfululizo wa picha za samaki mmoja aliyejulikana alikotoka ni kitu ambacho hata watafiti hawana cha kutosha. Kama baada ya mwaka mmoja picha hizo zitakuonesha kwamba uliyemdhania chotara ni heraldi dume, badilisha jina kwenye daftari na uendelee kumlisha. Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Wenye maswali kuhusu samaki walionao nyumbani, naomba waje na video badala ya picha.